Maji ya Mikono ya Hidaya

Mwanangu Maryamu,

Salamu na dua nitakupa kesho mlangoni, kwa mdomo wangu, mbele za watu. Hapa nakuandikia yale ambayo mbele za watu hayasemeki. Umekwenda Kibokoni kuwaaga jamaa, nyumba imenyamaza, nami nimekaa ukumbini na wino wa marehemu babako, ambao ulikuwa umekauka nikauzimua kwa maji. Ukiona herufi zimepauka ujue ni kwa sababu hiyo, si machozi. Leo sina machozi. Nina hasira, tena ya siku nyingi, na nataka uijue kabla hujapanda meli ya Malindi.

Sitakueleza habari za kupika wala za kumtunza mume. Kupika wanishinda, na Salim ni kijana mwema. Nimekaa naye chini ya paa hili tangu harusi yenu na sijamsikia akikupandishia sauti. Nataka kukueleza habari za mamake, shangazi yako Mwanakombo, ambaye sasa ni mavyaa wako, na ambaye utamfikia kwake na mimba yako mbele.

Juzi uliniuliza, "Mama, mbona umekubali upesi hivyo?" Ulikuwa na haki ya kushangaa. Kwetu mimba ya kwanza huzaliwa kwao mke, kwa mamake, na hakuna asiyelijua hilo. Mwanakombo alipoleta salamu kwamba mjukuu wake lazima azaliwe nyumbani kwake, jirani zetu wote walikaa kungoja niwake moto. Mimi nikasema, haya, na aende. Wewe nikakujibu kwamba sitaki ugomvi na mkweo. Nilikudanganya, mwanangu. Ugomvi nautaka. Nimeutaka tangu hujazaliwa, na nimekubali uende kwa sababu nyumba ile ndiyo mahali pekee ninapoweza kumpata.

Nilipoolewa na babako tulikaa mtaa wa Kuze, katika nyumba ya wazee wake. Mama yao alikwisha kufa, kwa hiyo Mwanakombo, dada yake, ndiye aliyeshika funguo na ndiye aliyekuwa bibi wa nyumba. Mumewe alikuwa na mashamba Malindi, akienda na kurudi. Usidhani nilimchukia tangu siku ya kwanza. Nilimpenda sana. Tukisukana nywele ghorofani, tukichungulia wapita njia dirishani na kuwasengenya mpaka mbavu zituume. Ana ulimi mtamu, utaona mwenyewe. Hata leo nikikumbuka maneno yake mengine hucheka, kisha hukasirika kwa kuwa nimecheka.

Nikapata mimba yangu ya kwanza, na kwa vile nilivyompenda Mwanakombo, aliponiomba nisiende kuzaa kwa mamangu nikakubali. Nikamtaka Hidaya.

Ni Hidaya huyu huyu unayemjua, anayekuja kukushika tumbo tangu mimba yako ilipoanza kuonekana. Wakati ule alikuwa kijana, akifuatana na mamake kuzalisha wake wa mtaa wa Mlango wa Papa. Nilimtaka kwa sababu alikuwa anauliza. Wanawake wengine walikuja, wakanitazama tumbo, wakatangaza ni mtoto mume, wakala halua wakaondoka. Hidaya alikaa mkekani akaniuliza nalala ubavu gani, miguu yavimba wakati gani, mtoto acheza vipi nikiwa na njaa. Nikimjibu alikuwa akifikiri kwanza. Na kama jambo halijui alikuwa akisema halijui. Mimi sijawahi kumsikia mtu wa nyumba ile akisema halijui jambo, kuanzia babako.

Mwanakombo akakataa. Kazi ya Hidaya hakuwa na neno nayo. Neno lilikuwa maji.

Wewe umeiona desturi hii mara moja mbili, lakini ulikuwa mdogo, huenda hukuiangalia. Mtoto akishatoka, na kondo ya nyuma ikashuka salama, bibi wa nyumba huchukua birika na tasa akamnawisha mkunga mikono. Si mtumishi anayenawisha, ni bibi mwenyewe. Maji ya uvuguvugu yenye marashi. Mkunga hukaa kitini, bibi akainama, kisha akamwomba radhi kwa taabu aliyopata. Hidaya ni mzalia. Mamake alikuwa mtumwa wa nyumba moja hapo hapo Kuze, na Hidaya alizaliwa humo.

"Mimi nimuinamie mzalia na birika?" akasema Mwanakombo. "Haiwi, wifi yangu. Kitwa changu hakiendi tini hivyo. Nitakuletea somo wangu, Bi Nunu."

Bi Nunu alikuwa kungwi. Alikuwa hodari wa kufunda maharusi, kuwafundisha kujifukiza na kujisinga na kukaa na mume, na mimi mwenyewe ndiye aliyenifunda. Uungwana wake haukuwa na shaka, na kumnawisha yeye kungekuwa fahari. Lakini kuzalisha hakujui. Nikamwambia Mwanakombo, "Huyu ni kungwi, wifi. Mimi nataka mkunga."

Akacheka, akanipiga paja. "Kungwi, mkunga, yote mamoya. Hebu sikiliza wewe mwenyewe majina yalivyo ndugu."

Nami nikacheka pamoja naye, nikaliacha. Babako alikuwa barazani na wanaume wenzake, akaambiwa mambo ya wanawake yamekwisha tengenezwa. Akashukuru.

Uchungu ulianza asubuhi. Bi Nunu akaniambia nikaze, nikakaza. Mwili wangu ulikuwa bado hautaki, na nilijua hautaki, lakini niliambiwa mwanamke aliyefundwa hukaza, basi nikakaza siku nzima na usiku wake. Saa ya kuzihitaji nguvu ilipofika nilikuwa nimekwisha zimwaga zote. Hapo akapanda kitandani akanikandamiza tumbo kwa viganja viwili. Kakako akatoka amechoka, rangi yake si rangi ya mtu. Alilia kidogo, sauti nyembamba sana. Aliishi mpaka Magharibi. Ndiyo, ulikuwa na kaka, na hatukukwambia kwa sababu babako hakuweza kulisema, na mimi nikilisema nilikuwa siwezi kukomea hapo. Nilimwita Athmani. Wewe ni mtu wa kwanza kusikia jina hilo.

Na hilo, mwanangu, ningelisamehe. Watoto hufa, wakiwa mikononi mwa wajinga na hata mikononi mwa wajuzi, na Mungu ndiye ajuaye zaidi. Ambalo silisamehe ni la matangani. Nilikuwa nimelala nyuma ya pazia, wanawake wamejaa ukumbini, nikamsikia Mwanakombo akiwaeleza kwa sauti ya huzuni, ile sauti yake nzuri.

"Mwana alikuwa mzima, wanangu. Nunu kamwambia akaze, mara ngapi? Yeye alilegea tu. Uoga."

Alilegea. Neno hilo likatoka mlangoni pamoja na wale wanawake likaenea mji mzima. Nikienda harusini, mwenye mtoto mchanga alikuwa akimhamishia upande wa pili nisimshike. Hakuna aliyeniambia kitu. Walinipa pole na chai ya tangawizi, na wakijua mimi ndiye niliyemmaliza mwanangu kwa kulegea. Hidaya alikuja kunipa pole, akapitia uani, akanishika tumbo. Kisha akasema, "Si wewe, Bibi. Walikukazisha kabla ya wakati wako." Tangu siku hiyo nikaanza kumwombea Mwanakombo mabaya. Usishtuke. Sala tano, na kila sala nikimtaja kwa jina lake na la mamake, yasije yakampata mtu mwingine.

Naye akapata mimba.

Lilikuwa tumbo lake la kwanza, na alijigamba sana. Bi Nunu akaletwa kwa shangwe. Mimi nikakaa uani nikisafisha mchele, nikisikiliza ghorofani. Nilisikia "kaza, kaza" ile ile. Nikajua yatakayofuata kama mtu anayejua juzuu kwa moyo. Kufika adhuhuri Mwanakombo hakuwa akipiga kelele tena, alikuwa akiguna. Kisha mtumishi akateremka mbio akanipita, akatoka kwa mlango wa uani. Mwanakombo mwenyewe ndiye aliyemtuma. Amletee Hidaya, na ampitishe nyuma, watu wa barazani wasimwone.

Mtumishi alipotoka nilikwenda nikautia mlango komeo. Sijui kwa nini, au najua. Wakarudi, wakabisha. Nikasimama na mkono juu ya komeo, na kusema kweli, Maryamu, nilijisikia vizuri. Sijawahi kujisikia vizuri vile tangu mwanangu afe. Yule juu anaguna, ufunguo wa maisha yake uko mkononi mwangu, na mimi sina haraka.

"Ni nani hapo ndani?" Hidaya akauliza.

"Ni mimi."

Alielewa mara moja. Kisha akasogea karibu na ubao, akasema polepole ili mtumishi asisikie, "Bi Rukia, nifungulia. Huyo aliyo tumboni hakukukosea."

"Mamake amenikosea."

"Najua. Mimi nifungulia tu, kisha uende umchukie kwa raha zako."

Nikafungua. Akapanda juu, akamwambia Bi Nunu akae pembeni, akamkataza kila mtu kusema neno kaza. Akamwinua Mwanakombo, akamtembeza, akamlaza ubavu, akamwacha apumzike. Akangoja. Nilikuwa sijawahi kuona mtu akingoja kwa makini vile. Kabla ya Alasiri mtoto akalia, kilio cha kutikisa dari. Mtoto huyo ndiye mumeo.

Nikateremka nikakuta Hidaya yuko kisimani peke yake. Bibi alikuwa amemwambia mtumishi, "Mpeleke akanawe tini." Alikuwa ananawa kwa maji ya kisima, baridi, akijifuta kwa kanga yake. Nikachukua kata nimmiminie. Akauvuta mkono wake.

"Siyo kazi yako," akasema. "Mwenye kazi yuko juu."

Akatoka kwa mlango ule ule wa nyuma. Siku ya saba, mbele ya wanawake wote wa Kuze, Mwanakombo akamnawisha Bi Nunu kwa birika la fedha na kumwomba radhi, na akasema mwanawe ametoka mikononi mwa somo wake, mkono mwema. Mimi nilikuwa nimeshika kitambaa cha kufutia. Bi Nunu akanitazama, akatazama chini. Hata yeye aliona haya. Mwanakombo hakuona.

Baada ya hapo nilimsumbua babako mpaka tukahama, tukaja nyumba hii, na Mwanakombo baadaye akamfuata mumewe Malindi. Hidaya ndiye aliyekuzalisha wewe, hapa, mamangu mzazi akamnawisha. Nilijifungua nikiwa nimejua jambo moja, nalo ndilo naliweka mbele yako badala ya mawaidha. Mkunga unamchagua wewe, mapema, kwa sauti, wakati bado unaweza kusimama na kutembea. Ukingoja mpaka umelala chali, watakuchagulia wengine, na watachagua kwa sababu zao. Kosa langu halikuwa kulegea. Nilicheka pale palipotaka nipige kelele, basi.

Na umchague yule anayeweza kukwambia, hili limenishinda. Wiki iliyopita, ulipokuwa umelala usingizi, Salim aliingia na habari yake ya daktari. Alisema kwa heshima, "Mama, zama hizi si zile. Malindi daktari wa serikali hupita. Kwa nini tusimwachie yeye tangu mwanzo?" Hidaya alikuwa pale akikunja nguo zake. Akamjibu yeye, si mimi. "Daktari simkatai, mwanangu. Nikiona lanilemea nitasema mwenyewe, na wewe utakimbia kumwita. Lakini wa kusema wakati umefika ni mimi nilo naye chumbani. Si watu wa baraza."

Salim alitaka kuendelea. Hapo nikashindwa kujizuia. Nikamwambia, "Wewe mwenyewe umetolewa na mikono hiyo, uliza mamako." Akamgeukia Hidaya, uso umembadilika. "Kweli, bibi?" Hidaya akaendelea kukunja. "Mambo ya nyumba za watu mimi siyatoi nje," akasema. Salim si mjinga. Aliinuka pale pale akaenda mwenyewe kumkatia Hidaya nafasi katika meli, karibu na yako. Sasa umejua kwa nini.

Basi sikiliza nilivyopanga. Hidaya ataingia nyumba ya Malindi kwa mlango wa mbele, ubavuni mwako, mchana, na utamtaja kwa kazi yake mbele ya kila mtu. Siku hizi serikali imesema hakuna mtumwa, na Hidaya hana bwana. Najua Mwanakombo atamtafutia kona ya jikoni. Usikubali. Na mtoto akizaliwa, Mwanakombo ndiye bibi wa nyumba. Aliyetaka mjukuu azaliwe chini ya paa lake ndiye atakayeshika birika. Mtoto angezaliwa hapa ningenawisha mimi. Kwa hiyo nilikubali upesi.

Nimeandika hayo, nikasimama nikazunguka ukumbi, nikarudi. Najua utakavyosoma. Utasema, mama ananipeleka mimi na tumbo langu kwa ajili ya birika la maji. Ndiyo. Kama Hidaya asingekubali kufuatana nawe ningekufungia ndani ya nyumba hii hata kama Salim angeleta kadhi. Lakini amekubali, nami nikapima, nikaona nitapata yote mawili. Huenda nimepima vibaya. Mwenye chuki hupima kwa jicho moja, nami silikatai.

Kwa hiyo nakuachia. Barua hii nitakupa leo ukirudi, uisome kabla ya kulala. Kesho ukiamka ukasema, mama, mimi sendi, nitazaa hapa, sitakuuliza kitu. Nitamnawisha Hidaya kwa mkono wangu, na yale niliyoyangoja nitakwenda nayo kaburini. Utaniona nimenuna siku chache, unizoee.

Lakini ukienda, shika mpango huu. Wa kwanza ni uhai wako na wa mtoto. Mwanakombo akimzuia Hidaya mlangoni usibishane, usilie, usiingie. Mshike Salim mkono mrudi na mimba yako. Hidaya akisema ni saa ya daktari, aitwe, hata kama mimi huku nitakosa kisasi changu. Cha pili ni kisasi changu, na kuwa cha pili hakukifanyi cha kuachwa.

Siku yenyewe, Mungu akijalia, shangazi yako atakuja ameifungua mikono yake kumpokea mtoto. Atakuwa analia, na machozi yake yatakuwa ya kweli, na wewe ni mwepesi wa huruma, umemrithi babako. Mtoto mweke kifuani pako. Mwambie kwa adabu, "Shangazi, Hidaya bado hajanawishwa." Usiongeze neno. Usimtaje kaka yako, usimtaje Bi Nunu wala kisima. Yeye anayajua yote, na atakapoinama ataamua mwenyewe anainama kwa lipi. Akituma mtumishi, ngoja. Akisema mgongo waniuma, ngoja. Umefundishwa kungoja na mtu ajuaye. Na akiinama, mtazame vizuri kwa niaba yangu, unieleze maji yalimwagika vipi na aliombaje radhi, usinipunguzie hata neno. Hidaya hatanieleza, mambo ya nyumba za watu hayatoi nje.

Kisha mpe mtoto ambebe. Ni mjukuu wake, na hilo sina la kulifanya.

Mimi mamako Rukia, mzima wa afya, na sijasamehe.